Tesla Peke Yake Haitoshi: Picha za MRI Zipimwe kwa Pishi Moja

Gari lililobeba mgonjwa wa rufaa kutoka Bombo, Tanga, likifika Segera hukuta njia mbili. Moja inapanda Korogwe na Same hadi Moshi, iliko KCMC, hospitali ya kanda inayohudumia Tanga pamoja na Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Nyingine inashuka Mkata na Chalinze hadi Dar es Salaam, kwenye Muhimbili na msururu wa hospitali na vituo binafsi vya vipimo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokoma, na mwenye ndugu wa kumpokea pande zote mbili, anaweza kupigwa picha ya MRI upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwakani. Mwisho wa yote anarudi Tanga na bahasha mbili mkononi.

Daktari anazitundika filamu hizo kwenye taa ya kusomea, moja kando ya nyingine. Ya kwanza inaonyesha pingili zimepangana vizuri, gegedu moja tu limetokeza kidogo. Ya pili inaonyesha gegedu lilelile limetokeza zaidi, na mshipa wa fahamu kama umebanwa. Je, ugonjwa umesonga mbele, au kilichobadilika ni mashine? Jibu moja linaweza kumpeleka mgonjwa chumba cha upasuaji. Jibu jingine linamrudisha nyumbani na mazoezi na dawa za maumivu. Na filamu zenyewe, kwa kuzitazama tu, hazisemi ni lipi.

Anayedhani shaka hii ni ya nchi zenye mashine chache na asome jaribio lililochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Spine Journal. Mwanamke wa miaka 63, mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, alipigwa picha za MRI za kiuno katika vituo 10 nchini Marekani, vyote ndani ya wiki 3. Mgongo ulikuwa mmoja, na ugonjwa haukuwa na muda wa kubadilika. Ripoti 10 zilizoandikwa zilitaja matokeo 49 tofauti. Hakuna hata tokeo moja lililotajwa na ripoti zote 10. Moja tu lilitajwa na ripoti 9, na karibu theluthi ya matokeo yote yalitajwa mara moja, na kituo kimoja, basi.

Sehemu ya tofauti hizo ni macho na kalamu za wasomaji: kila mwanaradiolojia ana mkono wake wa kuandika. Hilo linajulikana na lina dawa zake, kama vile kusomwa na watu wawili au kuwa na fomu moja ya ripoti. Sehemu nyingine ni picha yenyewe, na hapo ndipo mazungumzo ya hospitali zetu hukomea kwenye swali moja tu: mashine yenu ina tesla ngapi, yaani sumaku yake ina nguvu kiasi gani?

Ili kuona kwa nini swali hilo halitoshi, inafaa kukumbuka mashine inafanya nini. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na kila chembe ya maji ina viini vya haidrojeni vyenye tabia ya visumaku vidogo. Ndani ya sumaku kubwa, sehemu ndogo sana yake hujipanga upande mmoja. Mashine huvigonga kwa mawimbi ya redio, vinayumba, na wakati vinatulia hutoa mwangwi hafifu wa redio. Koili iliyofungwa kichwani au kiunoni huudaka mwangwi huo na kompyuta huupanga kuwa picha. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 mwangwi huo uko kwenye megahezi 63.9 hivi, chini ya masafa ya redio za FM.

Pamoja na mwangwi huo huingia chenga, zilezile watu walizokuwa wakiziona kwenye televisheni za antena wakati kituo hakikushika vizuri. Nyingi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mwili wenye joto hutoa mnururisho wake wa umeme. Nyingine hutoka kwenye koili na vikuza mwangwi vyake. Picha nzuri ni ile ambayo mwangwi umezizidi chenga kwa kiasi cha kutosha. Albert Rose, mwanafizikia aliyeshughulikia televisheni katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba jicho huanza kukiona kitu kwa uhakika pale kinapozizidi chenga zinazokizunguka mara 5 hivi. Chini ya hapo mtu anabahatisha, hata akiwa bingwa.

Sasa ndipo biashara inapoanza. Picha hukatwa vipande, na kila kipande hugawanywa kuwa visanduku vidogo viitwavyo vokseli. Kisanduku chenye upana wa milimita 1 kwa 1 na unene wa milimita 5 kina maji ya kutosha kutoa mwangwi wa kueleweka. Fundi akipunguza unene kuwa milimita 2.5 ili aone vitu vidogo zaidi, mwangwi unapungua nusu, lakini chenga zinabaki palepale. Kuurudisha ubora wa awali inabidi apige na kurudia mpaka muda uwe mara 4, kwa maana chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda. Dakika 4 zinakuwa 16. Mgonjwa mwenye maumivu hawezi kulala dakika 16 bila kujigeuza, na akijigeuza, picha yote imeharibika. Hivyo kila kituo huchagua mahali pa kukata: hiki kinataka ukali wa picha, kile kinataka foleni iende, kingine kinatumia mpangilio ulioachwa na mfunga mashine siku ya uzinduzi na hakuna aliyeugusa tangu hapo. Mashine mbili za chapa moja, modeli moja na tesla zilezile zinaweza kutoa picha mbili za viwango viwili.

Sumaku kubwa ina faida ya kweli, hakuna ubishi. Mwangwi huongezeka kadiri nguvu ya sumaku inavyoongezeka. Lakini nguvu hiyo hubadilisha pia jinsi tishu zinavyotofautiana kwa weusi na weupe, na huongeza uharibifu wa picha karibu na chuma kilichomo mwilini na karibu na hewa ya puani na masikioni. Mtu aliyewekewa vyuma baada ya ajali ya bodaboda anaweza kupata picha safi zaidi kwenye sumaku dhaifu. Kizuri chajiuza, lakini katika soko la vifaa tiba kinachouzwa kwanza ni kijitabu chenye picha iliyochaguliwa kati ya mamia, ya kijana mwenye afya aliyetulia tuli. Na kuna mchezo mwingine ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Mashine inaweza kukusanya data za gridi ya 256 kwa 256, kisha kompyuta ikaijaza na kuionyesha kama 512 kwa 512. Picha inaonekana laini na kali. Taarifa mpya iliyoongezeka humo ni sifuri.

Wafanyabiashara wa Pangani na Unguja walipouziana nafaka, bei haikuwa na maana mpaka wakubaliane itumike pishi ya nani. Katika MRI pishi hiyo ipo na inaitwa fantomu: chombo kilichojazwa vitu ambavyo vipimo vyake vinajulikana, kinacholazwa mahali pa mgonjwa na kupigwa picha kama mgonjwa. Kwa kuwa yaliyomo ndani yanajulikana kwa milimita, kila kinachokosewa kwenye picha ni kosa la mashine au la aliyeiendesha.

Fantomu iliyoenea kuliko zote ni ya Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ACR. Ni pipa dogo la plastiki angavu, urefu wa ndani milimita 148 na kipenyo cha ndani milimita 190, limejazwa maji yenye kloridi ya nikeli na chumvi ya kawaida. Nikeli hufanya maji yatulie haraka kama tishu, na chumvi huyapa uwezo wa kupitisha umeme kama mwili. Ndani yake kuna gridi ya kupimia kama picha imevutwa au kupinda. Kuna safu za vitundu vya milimita 1.1, 1.0 na 0.9, na mashine iliyo sawa inatakiwa ivitenganishe vya 1.0. Kuna mteremko wa kupimia kama kipande kilichoagizwa kiwe milimita 5 kweli ni 5 au ni 7. Kuna duara za visahani vilivyopangwa mithili ya miale, kuanzia kipenyo cha milimita 7 hadi 1.5, vikiwa na tofauti ndogo sana ya rangi na vinavyovizunguka, kutoka asilimia 5.1 kushuka hadi 1.4. Msomaji huhesabu miale anayoiona. Kisha hupimwa usawa wa mwanga kutoka ukingo hadi ukingo, na vivuli, yaani nakala hafifu za kitu zinazojitokeza mahali ambapo hakipo. Majaribio ni saba, na fundi mzoefu huyamaliza kabla wagonjwa wa asubuhi hawajaisha kuandikishwa.

Jaribio la visahani ndilo linalostahili kupendwa zaidi, kwa sababu linafanana na kazi yenyewe. Kovu dogo la kiharusi au uvimbe unaoanza haumjii daktari ukiwa mweusi tii juu ya nyeupe pee. Humjia kama kijivu juu ya kijivu.

Lakini hata pishi inaweza kujazwa kwa ujanja. Namba inayopendwa na wengi ni uwiano wa mwangwi na chenga, maana ni namba moja na inaingia vizuri kwenye jedwali. Njia ya zamani ya kuipata ni kupima mwangwi katikati ya fantomu na chenga kwenye weusi ulioizunguka, kisha kurekebisha kwa 0.655, kwa sababu kwenye weusi mtupu chenga za MRI haziwezi kwenda chini ya sifuri na hivyo huonekana ndogo kuliko zilivyo. Njia hiyo ilifaa mashine za koili moja. Mashine za leo zina koili nyingi zinazosikiliza kwa pamoja na kuruka baadhi ya mistari ili kuokoa muda. Chenga zake hazilingani kila mahali, na baadhi ya mashine hufuta weusi wa nje kabisa ili picha ipendeze. Ukipima chenga mahali palipofutwa utapata sifuri, na uwiano wako utakuwa hauna mwisho. Njia salama zaidi, iliyomo katika viwango vya NEMA vya Marekani na vya IEC vya kimataifa, ni kupiga picha mbili za fantomu mfululizo bila kugusa chochote na kutoa moja kwenye nyingine. Vilivyo sawa vinafutana. Kinachobaki ni chenga, na mtawanyiko wake ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2 hutoa chenga za picha moja.

Kituo kimoja kikitangaza uwiano wa 100 kwa njia ya kwanza na kingine 80 kwa njia ya pili, huwezi kusema nani bora. Mpaka ujue koili gani, unene gani, muda gani, kichujio gani na njia gani ya hesabu, namba hizo mbili hazijakutana. Ndiyo maana watafiti wanaolinganisha mashine za miji mbalimbali husafirisha fantomu ileile, na wakati mwingine mtu yuleyule, kutoka mashine moja hadi nyingine, na programu moja hufanya hesabu zote.

Swali zito zaidi liko mbele kidogo. Picha iwe bora kwa kazi gani?

Muheza na Korogwe ni mahali pazuri pa kuliulizia. Hospitali ya Teule na ile ya Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi 9 za Afrika katika utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ambapo watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa kwa artesunate au kwinini. Waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9, na tiba ya malaria kali ikabadilika duniani. Hata hivyo watoto waliendelea kufa. Mtoto aliyeletwa na degedege, ambaye watu wa Tanga husema malaria imempanda kichwani, angeweza kupewa dawa sahihi kwa wakati na bado akaacha kupumua usiku. Wadudu walikuwa wanakufa, na mtoto anakufa pia. Kwa nini?

Jibu lilitoka Blantyre, Malawi, kwenye sumaku ambayo wauzaji wengi wangeionea haya. Mashine iliyofungwa hospitali ya Queen Elizabeth mwaka 2008, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ilikuwa ya tesla 0.35, sumaku ya kudumu isiyohitaji heli. Timu ya Terrie Taylor iliwapiga picha za ubongo watoto waliolazwa na malaria ya ubongo na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 8 kwa kuangalia ukubwa wa ubongo ndani ya fuvu. Matokeo yalichapishwa Machi 2015 katika New England Journal of Medicine. Kati ya watoto 168, walifariki 25. Na kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39, na kwa wengi wao ulipungua haraka. Ubongo ulikuwa ukivimba hadi kukandamiza shina linaloendesha pumzi.

Swali lililoulizwa pale halikuhitaji kuona mshipa wa nusu milimita. Lilihitaji kuona kama mifereji ya ubongo imejaa na nafasi za maji zimefinywa, na tesla 0.35 ilitosha kabisa. Sumaku yenye nguvu mara nne au nane, iliyo mbali na wodi au iliyoharibika miezi sita, isingejibu chochote.

Uganda imelisogeza swali hilo mbele zaidi. Hospitali ya CURE huko Mbale imekuwa ikipasua watoto wenye vichwa vikubwa kwa maji kujaa ubongoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipokuwa hapo daktari Benjamin Warf, aliyeendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo bila kutegemea mpira wa kudumu. Kabla ya kupasua, daktari anahitaji picha. Je, iwe nzuri kiasi gani? Mwaka 2021 kundi la watafiti akiwamo Steven Schiff wa Marekani lilichapisha jaribio la kulijibu. Walichukua picha za CT za watoto hao na kuzichafua makusudi: wakazipunguzia ukali, wakazitia chenga, wakazififisha. Kisha wakawapa wataalamu wa ugonjwa huo waseme ni zipi bado zinafaa kupangia upasuaji. Picha nyingi ambazo kwa jicho la kawaida ni mbovu zilikubaliwa. Kwa kazi ile, kujua maji yako wapi na ubongo umebaki kiasi gani, zilitosha.

Mwaka uliofuata, hukohuko Uganda, timu ya Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na wenzao wa Leiden na Delft waliunganisha mashine ya MRI ya tesla 0.05 hivi, iliyojengwa kwa sumaku ndogo nyingi zilizopangwa kwa duara, wakapata picha ya kwanza katika muda usiofika wiki mbili tangu walipoanza. Tofauti ya nguvu kati yake na mashine ya kawaida ya tesla 1.5 ni kama mara 30. Hakuna anayedai picha zake zilingane. Dai ni kwamba zipimwe kwa kazi zilizokusudiwa, na kwamba fundi wa Mbarara aweze kuifungua na kuitengeneza.

Utafiti ule wa 2021 ulikuwa na sehemu ya pili ambayo ina uzito zaidi leo kuliko siku ulipotoka. Picha zilizochafuliwa zilipitishwa kwenye akili bandia izisafishe. Zilirudi zikipendeza, na wataalamu walizipa alama nzuri zaidi, lakini baadhi zilikuwa na makosa ya maumbile: ubongo uliochorwa mahali ambapo haukuwapo, au ukingo uliohama. Daktari akiifuata picha hiyo kwa imani anaweza kupanga njia isiyo sahihi. Jambo kama hilo lilionekana katika mashindano ya fastMRI ya mwaka 2020, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha New York pamoja na watafiti wa Facebook, ambapo miongoni mwa picha zilizowasilishwa zilikuwamo zenye maumbile ya kubuni. Mashindano hayo yalipima kufanana kwa picha iliyotengenezwa na picha kamili kwa kipimo kiitwacho SSIM, kilichobuniwa mwaka 2004. Ni kipimo chenye manufaa maabarani, ambako picha kamili ipo. Hospitalini haipo; kama ingekuwapo, hakuna ambaye angehangaika kutengeneza nyingine.

Kwa hiyo mnunuzi wa mwaka huu ana kazi ngumu kuliko wa miaka ya nyuma. Zamani picha mbaya ilijionyesha kwa chenga zake na msomaji akawa mwangalifu. Leo mashine nyingi mpya huuzwa zikiwa na programu za kusafisha, na chenga zinapoondoka huweza kuondoka na kidonda kidogo. Uwiano wa mwangwi na chenga unapanda, lakini visahani hafifu vinavyoonekana kwenye fantomu vinaweza visiongezeke hata kimoja. Ndiyo sababu ya kuhesabu miale badala ya kuridhika na namba moja.

Pwani inaongeza mambo yake. Sumaku za kudumu za neodimiamu hupoteza nguvu kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kwa mashine kama ya Mbarara, inayosikiliza karibu na megahezi 2, nyuzi moja ni kuhama kwa kilohezi 2. Kiyoyozi kikizimika mchana wa Januari, mashine inajikuta inasikiliza mahali ambapo mwangwi haupo tena. Hilo hurekebishwa kwa kutafuta masafa upya kabla ya kila picha, ilimradi kuna aliyefundishwa kufanya hivyo. Sumaku za tesla 1.5 zina shida ya aina nyingine. Waya zake zimezama katika heli yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na za miundo ya kawaida hubeba lita zaidi ya elfu moja. Umeme ukikatika kwa muda mrefu mtambo wa kupoza husimama, na heli huanza kuchemka na kupotea. Tangu mwaka 2018 zipo sumaku zilizofungwa kabisa zinazotumia lita 7 tu, na kwa mji wenye umeme wa kubahatisha hilo ni sifa kubwa kuliko tesla za ziada. (Heli yenyewe, kwa kejeli ya jiolojia, ilitangazwa mwaka 2016 kuwamo kwa wingi ardhini karibu na Ziwa Rukwa.)

Kisha kuna chumvi. Chumba cha MRI huzungushiwa shaba ili redio za nje zisiingie, na mlango wake una vidole vya chuma vinavyogusana na fremu. Hewa ya bahari ikivila, mlango unaonekana umefungwa lakini mawimbi yanapita. Picha hupata mistari ya nukta inayokatiza kama zipu, na watu huilaumu mashine. Fantomu ikipigwa kila wiki na matokeo yakaandikwa daftarini, kuzorota kwa namna hiyo huonekana mapema, kabla mgonjwa hajaandikiwa ripoti yenye mashaka.

Tanzania imekuwa ikinunua mashine za picha kwa kasi. Sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa IMF, uliotolewa mwaka 2021 kukabili athari za UVIKO-19, ilitumika kununua CT scan za hospitali za rufaa za mikoa. Kwa vifaa vya mionzi kuna Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, na dozi ya mionzi ni kitu kinachopimika na kukaguliwa. MRI haina mionzi ya eksirei, hivyo kipimo cha dozi hakiigusi, na ni rahisi mtu kudhani kwamba kwa kuwa haina madhara hayo basi haihitaji kupimwa. Madhara yake hupitia mlango mwingine: uamuzi uliofanywa juu ya picha isiyoaminika.

Safu hii ina pendekezo moja lenye vipengele vichache, na hakuna hata kimoja chenye gharama ya kutisha. Kila mkataba wa ununuzi wa MRI utaje fantomu, majaribio na viwango vya kufikiwa, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka majaribio hayo yafanywe na upande wa mnunuzi, programu za kusafisha zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa. Kanda ya kaskazini na Dar es Salaam ziwe na fantomu moja inayozunguka kwenye mashine zote za umma na za binafsi zinazokubali, angalau mara moja kwa mwaka, na hesabu zifanywe mahali pamoja. Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) vinafundisha wahandisi na mafundi wa vifaa tiba; wapewe kazi hii waifanye kama sehemu ya mafunzo. Bei ya fantomu ni punje mbele ya bei ya mashine. Matokeo yabandikwe mahali ambapo daktari anayeandika rufaa anaweza kuyaona, ili aandike jina la kituo kwa sababu anayoijua badala ya mazoea.

Wapo watakaosema hilo litaviaibisha vituo. Litaviaibisha vichache kwa mwaka mmoja, na mafundi watarekebisha koili na milango. Vituo vya binafsi vyenye picha nzuri ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kuitaka orodha hiyo.

Hadi hayo yafanyike, mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kudai vitu viwili. Wasiridhike na filamu au karatasi; waombe CD yenye data kamili, kwa kuwa humo ndani mmeandikwa nguvu ya sumaku, unene wa kipande na muda uliotumika, na mwanaradiolojia yeyote anaweza kuvisoma. Na daktari akiagiza picha ya pili ya kulinganisha, ipigwe kwenye mashine ileile iliyopiga ya kwanza, kwa mpangilio uleule. Ikishindikana, CD ya kwanza ikabidhiwe kwa atakayepiga ya pili kabla mgonjwa hajalazwa kwenye mashine.